Hamira haikumwibia mkulima wa artemisia

Dozi ya mtu mzima ya dawa mseto ya malaria, ALu tunayoijua wote, ni vidonge 24: vinne asubuhi, vinne jioni, siku tatu. Kila kidonge kina miligramu 20 za artemetha. Zidisha uone: artemetha yote inayomwinua mtu kitandani haifiki hata nusu gramu.

Hiyo nusu gramu ndiyo kiini, na chimbuko lake ni majani ya mmea uitwao artemisia. Jani zuri likikauka hutoa artemisinini, malighafi ya artemetha, kama asilimia 1 ya uzito wake, mengi hutoa pungufu. Kwa hiyo nyuma ya mgonjwa mmoja kuna gramu 50 za majani makavu, bakuli zima, kabla hujahesabu kinachopotea kiwandani. Mbegu zake ni kama vumbi; gramu moja ina zaidi ya 10,000. Zinaoteshwa kitaluni, miche inahamishwa, inakaa shambani miezi, inakatwa, inaanikwa juu ya turubai na kupigwa fimbo majani yatoke kwenye vijiti. Kiwandani, kama kile kilichojengwa Athi River, majani yanalowekwa kwenye heksani, kimiminika cha kuyeyushia, na fuwele nyeupe za artemisinini zinabaki. Fuwele hizo ndizo wanakemia wa kwingine huzigeuza kuwa artemetha.

Mwaka 2013 ikaingia njia ya pili. Watafiti wa California wakiongozwa na Jay Keasling, kwa fedha za mfuko wa Gates, walikuwa wametoa jeni za mmea na kuzipandikiza kwenye hamira, jamii ileile ya hamira ya mandazi. Hamira hiyo ikilishwa sukari hutema asidi inayozaa artemisinini, gramu 25 kwa lita. Kampuni ya dawa ya Sanofi ikaikamilisha kazi kwa kemia ya mwanga katika kiwanda chake cha Garessio, Italia, ikilenga tani 35 mwaka huo.

Lawama zikaanza. Wakosoaji walisema mmea uliovumbuliwa kuwa dawa na Wachina, na kulimwa na watu wa Arusha, Kabale na nyanda za juu za Kenya, sasa unahamishiwa kwenye mapipa ya Ulaya. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Shamba huacha fedha kijijini, pipa la hamira haliachi kitu. Na mkulima akishang'oa mahindi apande artemisia, hana mahali pengine pa kuyauza majani hayo. Ng'ombe wenyewe hawayataki kwa uchungu.

Lakini tuulize mkulima huyu aliumizwa lini, na nani. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa mseto mwaka 2001. Nchi moja baada ya nyingine zikabadili mwongozo, Tanzania na Kenya zikaanza kuigawa kwa wingi kuanzia 2006, na majani hayakutosha. Kilo ya artemisinini ikapanda hadi zaidi ya dola 1,000 mwaka 2005. Kila mwenye shamba, Uchina, Vietnam na huku kwetu, akakimbilia kupanda. Miaka miwili baadaye kilo ikawa chini ya dola 200. Wakulima wakaacha, majani yakaadimika, na 2011 bei ikakaribia tena 1,000. Wakapanda tena, ikaporomoka tena.

Sijaweza kuzitoa kichwani namba hizi. Rudi kwenye nusu gramu yetu: kilo ikiwa dola 1,000, kiini cha mgonjwa mmoja ni senti 50 za dola. Ikiwa 200, ni senti 10. Tofauti ni senti 40 tu. Kwa mfamasia ni chenji, kwa mkulima ni kuvuna au kuacha majani yaozee shambani. Kutoka mbegu hadi kidonge hupita zaidi ya mwaka, kwa hiyo anayepanda kwa bei ya leo anauza kwa bei asiyoijua. Na angalia miaka: mporomoko wa 2007 ulitangulia hamira kwa miaka sita. Hamira haikuwapo eneo la tukio.

Sisi tunaoishi kwa mgao wa maji tungepaswa kuielewa kazi ya hamira haraka kuliko wengine. Hakuna mwenye nyumba Dar es Salaam anayesema simtanki ni adui wa bomba. Tangi linajazwa ili bomba likikauka, watu waoge. Sanofi iliweka bei yake kati ya dola 350 na 400 kwa kilo, bila faida, kama ilivyosema. Kwa bei hiyo isingemfukuza mkulima mwaka ambao majani ni mengi, ila ingezuia 2011 nyingine. Na mkulima asiyedanganywa na bei ya dola 1,000 hang'oi mahindi yote.

Hapa wakosoaji wana hoja moja ambayo siwezi kuikwepa. Majani yalipojaa sokoni na kilo kushuka chini ya dola 250, hamira ndiyo iliyokimbia. Mwaka 2015 Garessio haikutoa hata kilo, na kiwanda kikauzwa kwa Huvepharma ya Bulgaria. Mkulima aliyedhaniwa atamezwa akabaki shambani, kwa bei mbovu.

Hata hivyo tangi lile halikupasuka. Lilikosa wa kulilipia likiwa limejaa na halitumiki. Wanunuzi wakubwa wa dawa mseto ni serikali na mifuko ya wahisani, na zabuni zao hushindaniwa zaidi kwa bei ya dozi, senti kwa senti. Fomu ya zabuni ina safu ya bei ya leo. Safu ya majani yatakayokuwapo miezi 18 ijayo haimo, na mtengeneza vidonge anayenunua kiini cha dola 350 wakati jirani yake ananunua cha 250 anashindwa zabuni siku hiyohiyo bahasha zinapofunguliwa.