Kucha ya Fundi

Aliyenikwaruzia gari hakuacha hata salamu. Mlango wa nyuma, kuanzia kwenye kitasa hadi karibu na tairi, mstari umenyooka hata mwenye rula angeuonea wivu. Mimi ni mtu mzima, sikupiga kelele. Nililizunguka gari, nikasafisha koo, nikasema, "Haya." Moyoni nilikuwa nimeshazika mtu.

Na hapo ndipo kila mtu anageuka fundi. Jirani akasema dawa ya meno. Nikamwambia kwa heshima, jirani, hiyo inasugua michubuko ya juujuu, huu si wa juujuu. Alikuwa ameshaleta mswaki. Shemeji yangu akashauri nibandike stika. Stika ya nini? "Yoyote, shemeji, mradi iwe ndefu."

Nikaenda kwa fundi rangi.

Huyu bwana alichuchumaa, akafumba macho, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya mstari, polepole. Nikajikuta nimebana pumzi. Ukucha ukakwama.

"Umeona, bosi? Umekwama."

"Nimeona."

"Ungepita tu, tungepiga polishi. Ukikwama, umeshaingia ndani."

Akanipigia darasa: bati, juu yake praima, juu yake rangi, juu kabisa vanishi ya kung'aa. Zote zikijumlishwa ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Yaani heshima yangu yote mtaani inashikiliwa na kitu ambacho hata macho hayakioni ubavuni!

"Kwani polishi haijazi?"

"Haijazi. Inapunguza sehemu za pembeni mpaka zilingane na shimo."

"Kwa hiyo nalipa kupunguziwa?"

"Ndiyo, bosi."

Alisema bila haya. Akaendelea: hata ule msasa wa maji, namba 2000 halafu 3000, unakwaruza kwanza, ila vizuri. Mimi nimekuja na mkwaruzo mmoja, dawa yake ni mikwaruzo elfu yenye adabu.

Nikamwambia basi paka rangi, yaishe. Akauliza rangi gani. Nikasema fedha. Akavua kofia.

"Fedha inasumbua, bosi."

Kumbe ndani yake mna vipande vidogo vya alumini, na jinsi vinavyolala inategemea mkono wa mpulizaji. Ukisimama mbele inafanana, ukisogea pembeni mlango unakusaliti. Nikafungua mlango wa dereva, nikamwonyesha namba ya rangi pale kwenye nguzo, nikifikiri nimemweza. Akaisoma, akatikisa kichwa. Hiyo ni ya siku lilipotoka kiwandani, jua limeshaisahihisha. Kwa hiyo akipaka mlango wa nyuma, wa mbele utaonekana mzee, itabidi rangi aivutie huko. Akishaivutia huko, fenda nayo itabaki peke yake. Nilipogeuka alikuwa anapima paa kwa macho.

"Fundi! Paa limekosa nini?"

"Naangalia tu, bosi."

Mnaangalia tu! Hivyo ndivyo mtu anavyoingia na mstari wa mlango akatoka amevuliwa gari zima! Nikamwambia achore rangi kwa kibrashi palepale kwenye mstari, bati lisije likala kutu, nami nitamwelekeza kila mtu asimame upande wa pili.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hata lililobaki zima haliachwi. Kuna kijana hupita na kitambaa kikavu akifuta vumbi, eti ananisaidia. Vumbi ni mchanga, mwanangu! Unanisugulia mchanga! Jua likipiga naona viduara boneti nzima. Halafu kuna hawa wasomi wa vidole, hawawezi kuona gari lina vumbi wakapita. Lazima waandike NIOSHE. Na sasa mmoja wao ameanza kuweka alama ya mshangao, kaikandamiza mpaka kwenye rangi.