Jino la Mwisho Halitibiwi Dukani

Kila ninapomsikia mtu anayeumwa na gego la mwisho akisema kwamba ameshanunua dozi dukani na sasa anasubiri litulie, naingiwa na wasiwasi, kwa sababu nafuu anayoisubiri huja kweli, na ndiyo inayomchelewesha kufika kwa daktari wa meno.

Gego hili, ambalo kwa wengi huchomoza kati ya miaka 17 na 25, mara nyingi hukosa nafasi katika taya, likatokeza nusu au likalala kulielekea jino la jirani. Kipande cha fizi hubaki kimelifunika, na chini yake hujibana chembe za ugali, nyuzi za nyama na bakteria, mahali ambapo mswaki haufiki. Fizi huvimba, jino la juu huigonga kila mara mtu anapotafuna, kinywa hunuka na kuonja usaha, na taya hukaza hata kijiko kikapita kwa taabu.

Amoksilini na metronidazoli, dawa za kuua bakteria, zina kazi yake, hasa panapokuwa na homa au uvimbe unaosambaa, lakini uchafu ulionasa chini ya fizi hauondolewi na kapsuli. Unaondolewa na daktari anayepasafisha, akatoa usaha kama upo, kisha akatazama picha ya eksirei na kuamua kama jino ling'olewe. Nalisisitiza hilo kwa sababu wengi hubaki nyumbani kwa kuogopa kung'olewa, ilhali si kila gego la mwisho hung'olewa. Nchini Uingereza, mwongozo wa mwaka 2000 ulielekeza kwamba yasiyo na ugonjwa yaachwe.

Sipingi huduma ya kwanza. Kusukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi, hasa baada ya kula, kunasaidia. Parasetamoli pia, mradi mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Karafuu nayo hutia ganzi kidogo, na mafuta yake yamo hata katika dawa za madaktari wa meno. Aspirini iliyosagwa na kubandikwa kwenye fizi, hapana: inaiunguza.

Kinachonitisha zaidi ni usaha wa gego la chini, ambao unaweza kushuka chini ya ulimi hadi shingoni. Daktari Mjerumani Ludwig alieleza hali hiyo mwaka 1836, na bado inaweza kuziba njia ya hewa kwa muda wa saa chache. Anayevimba chini ya taya, anayeshindwa kumeza mate au kupumua vizuri, apelekwe hospitali usiku huohuo.

Ndiyo maana ningependa kila muuza dawa, kabla ya kuhesabu kapsuli, amwulize mteja kama anameza bila shida, kama mdomo unafunguka na kama ana homa, na jibu baya likipatikana, amwelekeze hospitali badala ya kumuuzia.