Feri imsubiri abiria wa treni

Hii habari ya kuunganisha treni za abiria na feri za pwani naiunga mkono kabisa, ila jamani kuunganisha sio kujenga stesheni jirani na gati halafu basi, ratiba ndo kila kitu. Treni ikichelewa dakika 10 na feri ishang'oa, mtu anabaki bandarini na watoto na mabegi mpaka kesho yake, nani atarudia safari ya hivyo? Na feri nyingine zinafuata maji, yakishaanza kupwa haziwezi kungoja, kwahiyo nahodha lazima apewe taarifa mapema treni imefika wapi. Inawezekana lakini. Pale Harwich Uingereza stesheni iko bandarini kabisa, unakata tiketi moja ya treni na feri mpaka ndani ya Uholanzi. Italia ndo wamezidi, treni za kwenda kisiwa cha Sicily zinaingizwa ndani ya feri pale Villa San Giovanni, mabehewa na abiria wake, mnavuka nazo hadi Messina! Kingine wanachosahau sana ni wazee na wenye viti vya magurudumu, kati ya jukwaa na meli wasiwekewe ngazi, tafadhali.