Hakuna Aliyeniuliza "Ilikuwaje?"

Popi alikufa mwezi Machi, siku chache kabla ya masika, kwenye veranda ya nyuma, kichwa chake kikiwa juu ya kanga yangu kuukuu. Alikuwa na miaka 13. Kesho yake nilikwenda kazini mjini kama kawaida. Mwenzangu aliona macho yamevimba, nikamweleza, naye akanihurumia kweli. "Pole jamani," akasema. "Utapata mwingine, mbwa wapo wengi huko Pasua." Sikumkasirikia. Ila tangu siku ile kuna jambo limenikaa moyoni.

Mtu akifiwa hapa Moshi, watu wanakuja. Wanakaa chini ya turubai kwenye viti vya kukodi, na kila anayeingia anauliza swali lile lile: ilikuwaje? Mfiwa anasimulia. Alianza kuumwa Jumanne, tukampeleka, wakatuambia hivi, tukarudi naye. Anasimulia mpaka sauti inakauka. Zamani niliona swali lile ni umbea wa msibani. Sasa naelewa kazi yake. Katika kusimulia kote kule, mfiwa hufika pale panapomkaba, "laiti ningemuwahisha Jumanne ile," na hakosekani shangazi wa kumjibu: "Ungejuaje? Hata mimi nilipita Jumanne, nikamkuta anakula." Hatia inapata mashahidi. Ya mbwa haina turubai wala shangazi. Unalala nayo, na usiku hakuna wa kuibishia.

Yangu ilianzia kwenye maji. Mwezi Januari Popi alianza kunywa kupita kiasi. Sufuria yake naijaza asubuhi, nikirudi jioni ni kavu. Na nani asiyelijua joto la Moshi la Januari? Kuku walikuwa wamelala chini ya migomba, midomo wazi. Nikasema ni joto, na nikafurahi kwamba bibi kizee wangu anakunywa vizuri. Kumbe figo. Figo zikichoka hushindwa kuyarudisha maji mwilini, yanapita tu kuwa mkojo, na mbwa anakunywa ili kufidia.

Februari miguu ya nyuma ikakakamaa. Nikachukua diklofenaki za mama, zile za magoti, nikawa nampa nusu kidonge ndani ya tonge la ugali. Siku nne. Daktari wa mifugo aliponiuliza kama kuna dawa yoyote nimempa, nikamtajia kwa kujiamini kabisa, kama mtu aliyefanya wajibu wake. Alinyamaza kwanza. Kisha akanieleza taratibu kwamba dawa za jamii ile hupunguza damu inayofika kwenye figo, na mwili wa mbwa hauzihimili kama wetu. Unayesoma hapa na una mbwa mzee anayechechemea, tafadhali, usifungue pochi ya dawa za nyumbani. Muulize daktari wa mifugo kwanza.

Aliyekuja kuniuliza ilikuwaje ni jirani yangu, mama mtu mzima, Mwislamu, ambaye kwa miaka yote ile alikuwa akivuka upande wa pili wa njia Popi akisogea. Alisimama kwenye ua. "Mwanangu, mbona mbwa wenu simsikii?"

"Amekufa, mama."

"Maskini. Ilikuwaje?"

Nilimsimulia kuanzia kwenye sufuria. Nilipofika kwenye joto la Januari akanikatiza. "Lakini alipotaka maji ulimpa?" Nikasema nilimpa. Akanisimulia ile hadithi ya Mtume, ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake kumnywesha mbwa mwenye kiu, Mungu akamsamehe. "Basi hilo la maji lipepete," akasema. Kuhusu vidonge hakunisafisha. Alisema tu, "Hukujua. Sasa unajua."

Nilipata nafuu kubwa kuliko kwa wote walioniambia nisijilaumu. Ndiyo maana siamini katika "usijilaumu." Ukimwambia mtu hakukosa kitu, na yeye anakijua alichokosa, umemfungia mlango ndani na kosa lake. Hatia inataka ungo. Yapo makapi, na yapo mawe. Baadaye daktari aliniambia kwamba dalili za figo kwa mbwa kwa kawaida huonekana pale ambapo takriban theluthi mbili ya uwezo wa figo umeshapotea, na kilichopotea hakirudi tena. Maana yake, asubuhi ya kwanza niliyokuta sufuria kavu, ugonjwa ulikuwa umetangulia mbali. Makapi yale. Vidonge sijui niviweke wapi, na nimekubali kutojua.

Jiwe ni hili. Jumamosi ile daktari aliniambia, "Dada, huyu anateseka, tumchome sindano alale." Nikamjibu tusubiri Jumanne. Nilisema ni kwa sababu kaka yangu anakuja Jumatatu kutoka Arusha kumuona. Kweli kaka alikuja. Lakini ukweli wenyewe ni kwamba sikuwa tayari mimi, na Popi alilipia kutokuwa tayari kwangu kwa usiku tatu za kutapika na kuguna. Jumanne alfajiri akajifia mwenyewe, kabla daktari hajafika. Hilo nilijua wakati ule ule. Halina wa kunitetea, na sitaki mtu anitetee.

Sisi Wachagga, ukimkosea mtu unakwenda kwake na isale mkononi, mmea wetu wa kuombea msamaha, na anayeletewa isale si rahisi kukataa. Nilimwomba mama yangu aniletee. Nilidhani atanishangaa, maana alikulia mahali ambapo mbwa hulala nje na kula makombo. Akashuka na tawi kutoka kihambani, shamba letu la migomba huko Old Moshi, limefungwa kwenye gazeti, wala hakuuliza la nini.

Nililichomeka mgombani, pale tulipomzika. Kisha nikakaa chini nikamsimulia Popi kuanzia Jumamosi mpaka Jumanne, bila kuruka kitu, kwa Kichagga, maana ndiyo lugha tuliyokuwa tukimwitia.