Mita ngapi kutoka mlangoni? Maoni ya wananchi na mitambo ya upepo vijijini

Chukua rasimu yoyote ya kanuni za matumizi ya ardhi kwa ajili ya umeme wa upepo vijijini. Ruka utangulizi, ruka maana za maneno, tafuta mahali palipoandikwa mtambo ukae umbali gani kutoka nyumba ya jirani. Hapo ndipo kanuni nzima ilipo. Kurasa nyingine zinazungumzia taa za juu ya mnara, barabara za malori, uzio, rangi. Ni mambo ya maana, lakini sijasikia mradi uliokufa kwa sababu ya rangi.

Umbali una hesabu yake, na watu wengi hawaipigi. Nyumba moja ikizungushiwa duara la nusu kilometa kila upande, eneo lisiloruhusiwa mtambo ni karibu kilometa za mraba 0.8. Mtu akisimama mkutanoni akaomba nusu kilometa iwe kilometa moja, ombi lake linaonekana la kiasi, maana ameongeza maradufu tu. Ardhi iliyofungwa, hata hivyo, imeongezeka mara nne, ikafika kilometa za mraba 3.1. Akiomba kilometa mbili, ni 12.6. Pale ambapo nyumba zimetawanyika, moja huku nyingine kule, maduara hayo hugusana upesi, na ramani hujaa bila mtu yeyote kutamka neno “marufuku”.

Jimbo la Bavaria nchini Ujerumani lilionyesha hilo kwa vitendo. Mwaka 2014 lilipitisha kanuni iliyotaka mtambo ukae mbali na makazi mara kumi ya urefu wake. Mtambo wa mita 200, kilometa mbili. Maombi ya vibali yakaporomoka. Poland ikapitisha kanuni ya aina hiyo hiyo mwaka 2016, na mwaka 2023 ikailegeza hadi angalau mita 700. Serikali kuu ya Ujerumani, kwa sheria ya 2022, ililigeuza swali: majimbo sharti yatenge, kwa jumla, asilimia 2 ya ardhi ya nchi kwa ajili ya upepo kufikia mwisho wa 2032. Huu ni mjadala tofauti kabisa. Mwananchi haulizwi tena kama anautaka mtambo. Anaulizwa ukae wapi.

Wanaotetea miradi hupenda kuishia hapo na kumalizia kwamba kila anayedai mita zaidi ana hila. Sivyo. Mtambo una sauti, na sauti hiyo usiku, upepo wa juu ukivuma huku chini kumetulia, husikika kuliko mchana. Shirika la Afya Duniani, kwa upande wa Ulaya, lilipendekeza mwaka 2018 kwamba wastani wa kelele za mitambo hii usizidi desibeli 45, ingawa lenyewe lilisema ushahidi wake hauna nguvu nyingi. Kuna kivuli pia: jua likiwa chini, mapanga yanayozunguka hukata mwanga dirishani, ukawaka na kuzimika mfululizo. Ujerumani imeweka kikomo cha saa 30 kwa mwaka na dakika 30 kwa siku. Mtu anayeyataja haya mkutanoni anasema jambo linalopimika, na mhandisi anaweza kumjibu kwa kipimo: kusogeza mnara, au kuusimamisha mtambo kwa dakika hizo.

Madai ya ugonjwa ni habari nyingine. Utafiti wa wizara ya afya ya Kanada uliotolewa mwaka 2014, uliofikia kaya 1,238, ulikuta kwamba kero huongezeka kadiri kelele inavyozidi, lakini haukukuta uhusiano kati ya kelele hiyo na magonjwa ambayo watu walisema wanayo, wala na usingizi. Je, kikao kimkatize mtu anayesema mtambo utamuua mama yake? Mimi nasema asikatizwe. Aandikwe kama wengine, ajibiwe kwa maandishi kama wengine, na jibu liseme wazi kwamba hoja hiyo haikutumika kupanga umbali, na kwa nini. Hofu isiyojibiwa hukua. Na kero si kitu cha kubezwa kwa kuwa tu haina jina la kitabibu.

Ugumu halisi ni nani awe na neno la mwisho. Hapa nchi zimeyumba kama mlevi, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine.

Uingereza mwaka 2015 ilitangaza kwa England kwamba mradi wa nchi kavu haupiti mpaka madhara yaliyotajwa na wakazi wa eneo yawe yameshughulikiwa kikamilifu. Kwa masikio ya mwanademokrasia hilo ni jambo zuri. Katika utekelezaji, pingamizi la wachache lilitosha kuzuia, na ujenzi mpya ukasimama karibu kabisa hadi Julai 2024, serikali mpya ilipoliondoa sharti hilo siku chache tu baada ya kuingia madarakani. Walio wengi waliounga mkono au waliokuwa hawana neno hawakuwa na uzito wowote. Ukimya haujazwi kwenye fomu ya pingamizi.

Ontario, Kanada, ilifanya kinyume. Sheria yake ya nishati ya kijani ya 2009 ilizinyang'anya halmashauri madaraka ya kupanga mahali pa mitambo, ikaweka umbali wa mita 550 kwa jimbo zima. Miradi ilikwenda mbio, ndiyo. Hasira nazo zikajikusanya vijijini. Mwaka 2018 serikali nyingine ikaingia, ikafuta mamia ya mikataba, na kabla ya mwaka kwisha bunge la jimbo likapitisha uamuzi wa kuifuta sheria yenyewe. Waliodhani wameokoa muda kwa kuwaruka wanavijiji walikuwa wameukopa tu.

Illinois, Marekani, inanivutia zaidi, kwa sababu kasoro yake ni ya adabu. Sheria ya Januari 2023 inazizuia kaunti kuweka masharti makali kuliko ya jimbo: kutoka nyumba ya jirani asiyeshiriki mradi, umbali ni mara 2.1 ya urefu wa mtambo. Kaunti bado inatakiwa kuitisha kikao cha hadhara. Lakini ombi likitimiza masharti, lazima likubaliwe. Sasa huyo mkulima anayeacha kazi zake jioni aje kuzungumza dakika tatu, anazungumza ili iwe nini? Kutoitisha kikao kabisa ni uamuzi mgumu lakini wa wazi. Kuweka kikao kisichoweza kubadili kitu ni danganya toto. Jimbo la Ohio, kwa sheria ya 2021, imezipa kaunti uwezo wa kupiga marufuku miradi mikubwa ya upepo na jua katika maeneo yake. Jimbo moja tu, Indiana, liko katikati ya falsafa hizi mbili.

Nikilazimika kuchagua, nitachukua kiwango cha kitaifa au cha jimbo kwa umbali na kelele, kwa kuwa sikio la binadamu ni lile lile kila kaunti. Ila kiwango hicho kipitie maoni ya watu kabla hakijaandikwa, mikutano ifanyike huko huko vijijini, na ramani za maduara ziwe zimebandikwa ukutani ili kila mtu aone mita zake zinakula ardhi kiasi gani. Mahali hasa pa kila mnara na njia ya malori paachwe mikononi mwa wenyeji, kwa madaraka ya kweli. Utaratibu wa sasa katika nchi nyingi ni kinyume: kanuni hupita kimya, kisha watu huitwa wakati mwekezaji ana mkataba wa ardhi, michoro na mkopo wa benki. Katika hatua hiyo, kila maoni ni ama makofi ama kesi.

Na ni nani hasa anayefika mkutanoni? Mwenye shamba aliyekwisha kusaini kukodisha ardhi yake mara nyingi hukaa nyumbani, kwa sababu hataki kutazamana na majirani. Anayepinga huja na ndugu zake. Asiyekuwepo na lake halipo, wanasema wahenga, lakini wapo wasiokuwepo kwa sababu kanuni yenyewe haiwaoni.

Oktoba 2021 mahakama mbili zilizo mbali sana ziligusa jambo hili mwezi ule ule. Mahakama ya Juu ya Norway iliamua kwamba vibali vya mitambo 151 huko Fosen vilikiuka haki za Wasami, wafugaji wa kulungu wa nchi za baridi. Nchini Kenya, mahakama ya ardhi mjini Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi wa Ziwa Turkana, mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310 hivi, zilipatikana bila kufuata utaratibu, katika kesi iliyoletwa na jamii za wafugaji wa Marsabit. Kote kuwili mapanga yaliendelea kuzunguka baada ya hukumu. Ukizisoma kesi hizi pamoja unaona mita hazisaidii kitu: umbali hupimwa kutoka kwenye nyumba, na malisho hayana mlango. Mfugaji anayepita mara mbili kwa mwaka hana duara kwenye ramani, na tangazo la mkutano likibandikwa katika ofisi ya kata yeye yuko safari ya siku kadhaa.

Kuhusu fedha nitakuwa mfupi. Denmark mwaka 2009 iliwataka wawekezaji wawape wakazi wa karibu nafasi ya kununua angalau asilimia 20 ya hisa na kuwafidia walioshukiwa na thamani ya nyumba. Mwaka 2020 hisa zikabadilishwa na malipo ya kila mwaka kwa majirani. Wapo wanaoyaita malipo hayo hongo. Mimi naona hongo ni ile inayotolewa kwa faragha kwa mwenye shamba mmoja ili jirani yake asikie kelele bure.

Kanuni hizi pia hazidumu kama watu wanavyodhani. Mtambo huishi miaka 20 hadi 30, halafu mwenye mradi huja kuomba kuweka mwingine mrefu zaidi pale pale. Umbali ukiwa umefungwa kwenye urefu, mnara wa mita 100 uliokuwa halali unapobadilishwa kwa wa mita 200 unaweza kukuta eneo lile lile haliutoshi. Mkutano utaitishwa upya, na safari hii baadhi ya watakaoinua mikono watakuwa wamezaliwa chini ya mapanga hayo.