Ferritini 22: Mzima au Mgonjwa?

Chukua karatasi ya majibu ya mwanamke asiye mjamzito: hemoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) 12.4, ferritini 22. Hakuna alama yoyote pembeni. Anaambiwa damu iko sawa, arudi nyumbani. Na ndiye aliyekuja akilalamika kwamba akipanda ngazi moyo unamwenda mbio.

Ferritini ni protini inayotunza madini ya chuma, na kiasi chake katika damu hudokeza akiba iliyobaki mwilini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamhesabu mtu mzima asiye na maradhi mengine kuwa na upungufu wa chuma ferritini ikiwa chini ya mikrogramu 15 kwa lita. Madaktari wengi hutumia 30. Kwa hiyo damu ileile, kwa daktari huyu ni nzima, kwa yule ina upungufu.

Wanaoshikilia 15 wana hoja. Ikishuka hapo, hakuna cha kubishania: ghala ni tupu. Ukipandisha kiwango, wapo watakaomeza vidonge wasivyovihitaji, wafunge choo na kupata kichefuchefu bure. Baya zaidi, mwenye kidonda cha tumbo kinachovuja damu polepole anaweza kupewa vidonge, akapata nafuu, asichunguzwe tena.

Hata hivyo mimi naegemea 30, hasa kwa mwenye dalili. Akiba huisha kwanza, hemoglobini hushuka baadaye. Ukingoja anemia, yaani upungufu wa damu, ndipo useme kuna upungufu, umechelewa.

Kinachonisumbua zaidi ni ferritini inayoonekana nzuri. Maambukizi na uvimbe mwilini huipandisha hata kama chuma ni kidogo, ndiyo maana mwongozo huohuo unapandisha kiwango hadi 70 kwa mtu mzima mwenye hali hiyo. Mgonjwa wa baridi yabisi mwenye 60 si wa kupongezwa. Hapo hupimwa CRP, kionyeshi cha uvimbe, pamoja na asilimia ya transferini (protini inayosafirisha chuma katika damu) iliyobeba chuma. Asilimia hiyo ikiwa chini ya 20, shaka ni halali. Kupima chuma cha kwenye damu peke yake sioni faida yake: hupanda na kushuka ndani ya siku moja, na kidonge cha asubuhi kinatosha kukivuruga.

Kwa mwanamke wetu mashine haitoshi. Hedhi yake huchukua siku ngapi, na hutoka mabonge?