Atakayebeba kiroba kura yangu yake

Jamani zile kampeni za serikali za mitaa 2024 zilikuwa siku saba tu, tarehe 20 mpaka 26 Novemba, lakini nilivyogongewa mlango wallahi utadhani nadaiwa na mji mzima. Hapa Magomeni (ya Mtwara, sio ile ya Dar) hata mswaki hujapiga unasikia hodi hodi hodi, unatoka na msuli wako unakuta baraza imejaa watu, jitu zima lina mvi linakuamkia shikamoo mzee! Mzee wapi, arobaini yenyewe sijafika.

Sasa pembeni ya mlango ndo kilikaa kiroba changu cha taka. Novemba huku kwetu mnaijua, maembe, mabibo, watoto wanakula kutwa nzima, weka na maganda ya ming'oko, makumbi ya madafu, halafu mama watoto akamalizia na matumbo ya changu, na jua lile la Mtwara, yani kiroba kinachuruzika maji chini, nzi wa kijani juu, kimekaa pale mpaka nahisi na chenyewe kimeshafikisha 18 kinaweza kupiga kura. Mkusanya ada ya taka nyumba yangu hajawahi kuikosa, ila guta la kuzoa ndo sijui linapitaga mtaa gani.

Kila mgombea akifika anajifanya anafuta jasho na leso, kumbe anaziba pua, huku ananiahidi gari la taka kila wiki. Gari?? We unagombea uenyekiti wa mtaa, utapewa muhuri uandike barua za utambulisho, gari la manispaa hata ufunguo wake hutauona!

Nikaona isiwe tabu. Nikatangaza, atakayeondoka na hiki kiroba kura za humu ndani zote zake, yangu na ya mama watoto (mama watoto akanitolea jicho, ya kwake hajanikabidhi). Wengi wakacheka wakapita. Kuna kijana mmoja akavua koti, akakitwika begani! Vigelegele, simu juu, hata kona hajafika picha zishajaa kwenye magrupu ya WhatsApp. Nikasema huyu ndo mwenyekiti, wengine warudi nyumbani wakapumzike.

Kumbe kwenda kukitua tu pale chini ya mwembe kwa muuza mihogo.

Jioni hodi tena. Mgambo, kashika kwa vidole viwili daftari limelowa maji ya samaki, la hesabu darasa la nne, jina la mwanangu na langu hili hapa, natakiwa nilipe faini ya kutupa taka ovyo. Namwambia kamuulize mgombea, ananijibu mgombea gani, mimi nina daftari. Nikageuka mama watoto anitetee, wapi, keshalichukua lile daftari analifunua kurasa zilizogandana, kafika kwenye 4/50 ya kalamu nyekundu, sauti ikasikika mpaka feri:

"We mtoto! Kumbe ulilificha kwenye taka?"

Mgambo akavuta kigoda akae aangalie.